Lumbesa katika takwimu za risasi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga na ninasimamia klabu ya midahalo. Mada yetu muhula huu ni kama raia wa kawaida arahisishiwe kumiliki bunduki ili ajilinde. Wanafunzi wamekuja na namba za Marekani walizookota mtandaoni, na zinagongana. Upande unaopinga unasema bunduki ziliua watu 48,830 kule mwaka 2021. Upande unaounga mkono unasema huo ni uongo, waliouawa hawakufika hata 21,000. Wakaongeza kwamba Chicago ina sheria kali na bado ndiyo inayoongoza kwa mauaji, na kwamba bunduki huwaokoa Wamarekani mara milioni 2.5 kila mwaka. Kijana mmoja akaja na za kwetu, taarifa za unyang'anyi wa kutumia silaha, akasema huo ndio ushahidi kwamba bunduki zimezagaa Mbeya na Iringa. Nilishindwa kutoa alama. Nani anasema kweli, na namba hizi nizifundisheje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimefurahi kwamba hukutoa alama siku ile. Ungetoa, vijana wangeondoka wakiamini kwamba upande mmoja ulidanganya, kumbe zile namba mbili za kwanza zimetoka katika daftari moja.

Mwaka 2021 vyeti vya vifo vya Marekani, vinavyokusanywa na CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, vilionyesha vifo 48,830 vya risasi. Kati ya hivyo, 20,958 vilikuwa vya watu waliouawa na wenzao. Waliojiua wenyewe walikuwa 26,328. Waliobaki, wapatao 1,500, ni ajali, watu waliopigwa risasi na polisi kazini, na vifo ambavyo mpimaji hakuweza kusema vilitokeaje. Kwa hiyo aliyesema 48,830 amesema kweli kuhusu vifo, na aliyesema hawakufika 21,000 amesema kweli kuhusu mauaji. Ugomvi wao umetoka kwenye neno "ziliua", ambalo mmoja alilisikia kama kifo na mwingine kama mauaji.

Watoto wa Iringa hawana haja ya kwenda Marekani kulielewa hili. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa kwa risasi kule Mlambalasi, Julai 1898, na risasi ile aliifyatua mwenyewe ili Wajerumani wasimshike akiwa hai. Ukimhesabu kati ya waliokufa kwa risasi katika vita ile, uko sahihi. Ukimhesabu kati ya waliopigwa risasi na Wajerumani, umekosea. Na ukimwacha nje ya hesabu zote mbili kwa kuwa hakuna aliyemuua, umemfuta kabisa. Anzia hapo darasani, watakuelewa kabla hujataja namba yoyote.

Sasa upande unaounga mkono utakuja na hoja, na inastahili kujibiwa kwa heshima: waliojiua waondolewe, maana mtu akiamua kufa atapata njia nyingine. Hapa nina msimamo na sitauficha. Nadhani kuwaondoa ni kosa. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kwamba anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu mara tisa kati ya kumi, ilhali njia nyingi nyingine humwachia mtu nafasi ya kuokolewa, na wengi mno wanaookolewa hawarudii wakafa kwa kujiua baadaye. Ile saa moja ya giza hupita. Kwa hiyo kama bunduki ipo ndani au haipo ni jambo linalobadilisha idadi ya makaburi, na mjadala wa "kumiliki kwa ajili ya kujilinda" hauwezi kulikwepa. Lakini pia upande unaopinga usizitaje namba hizo kana kwamba ni majambazi 48,830 waliovamia nyumba. Kumtia mtu hofu ya jambazi kwa kutumia kifo cha jirani aliyezidiwa na huzuni ni kumkosea jirani huyo.

Angalia kinachotokea ukizichanganya. Mwaka 2023 vifo vyote vya risasi Marekani vilishuka mpaka 46,728. Habari njema, utasema. Ukifungua ndani, mauaji yalishuka kutoka 20,958 hadi 17,927, lakini waliojiua walipanda kutoka 26,328 hadi 27,300. Jumla moja imebeba habari mbili zinazokwenda pande tofauti, na anayesoma jumla peke yake atazikosa zote mbili.

Kwetu huku hesabu ya waliojiua ni ngumu zaidi, na sababu yake ni ya kisheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Basi familia ikimwokoa mtu wao, haina hamu ya kueleza kituoni kilichotokea. Ikimpoteza, inaona aibu, inataka mazishi ya kawaida, na msiba unatangazwa kwamba marehemu aliugua ghafla. Mtu anazikwa kijijini Kilolo au Makete bila cheti cha kifo, na takwimu hazijui kwamba alikuwepo. Kwa hiyo kijana akikwambia "Tanzania watu hawajiui sana, angalia namba," mwulize namba hiyo ilipita kwenye mikono ya nani kabla ya kumfikia.

Hilo linanileta kwenye lumbesa.

Wewe unaishi karibu na wakulima wa viazi na mahindi, unaijua lumbesa kuliko mimi. Mkulima anauza gunia kumi. Mnunuzi anapakia gunia kumi. Lakini gunia lililofungwa sawa na gunia lililoshindiliwa likaongezwa kilemba juu si kipimo kimoja, ingawa midomo yote miwili inasema "gunia". Namba kumi haina kosa. Kosa liko kwenye gunia.

Takwimu za risasi zimejaa lumbesa. Chukua lile tukio linaloitwa mauaji ya watu wengi kwa mpigo, mtu anaingia shuleni au dukani na kufyatua risasi. Wamarekani walipata matukio mangapi ya aina hiyo mwaka 2021? Ukiuliza wale wanaohesabu kila tukio ambalo watu wanne au zaidi walipigwa risasi, hata kama hakuna aliyekufa, watakwambia zaidi ya 600. Ukiuliza FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ambao huhesabu mtu anayeshambulia watu mahali penye watu, wakiacha ugomvi wa magenge na wa majumbani, watakwambia 61. Na wapo wanaodai wafe watu watatu au zaidi hadharani ndipo waandike, hao wana matukio machache ya kuhesabika kwa vidole. Nchi moja, mwaka mmoja, na hakuna aliyedanganya. Anayetaka kuogofya huchukua gunia la kwanza. Anayetaka kutuliza huchukua la mwisho. Mhuni ni yule anayechukua idadi ya gunia la kwanza na kuisimulia kwa picha za gunia la mwisho, mtu akadhani kila siku shule mbili zinashambuliwa.

Na yule kijana wako wa Mbeya na Iringa amebeba lumbesa ya nyumbani bila kujua. "Unyang'anyi wa kutumia silaha" katika sheria yetu si unyang'anyi wa kutumia bunduki. Silaha hapo ni chombo chochote cha hatari cha kujeruhi: panga, kisu, nondo, rungu, hata jiwe. Vijana wawili waliomtishia bodaboda kwa panga usiku pale Nzovwe wakamnyang'anya pikipiki wameingia katika safu ileile ya daftari na genge lenye bastola. Ukiisoma safu hiyo kama hesabu ya bunduki, umemgeuza kila mwenye panga kuwa mwenye bastola. Silaumu kijana. Magazeti yetu huandika "majambazi wenye silaha" na msomaji hujazia bunduki mwenyewe kichwani.

Swali ninalotaka walizoee wanafunzi wako, kuliko lingine lolote, ni hili: nani aliandika, na aliandika alipoona nini? Maana polisi hawahesabu uhalifu. Wanahesabu majalada. Kati ya tukio na jalada kuna njia ndefu: mtu atoke kijijini, apate nauli, aamini kwamba kituoni atasikilizwa, apewe RB, yaani namba ya taarifa yake, kama ameumia apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na mpokeaji wa taarifa aamue kosa liandikwe katika safu ipi. Kila kituo kwenye njia hiyo hupunguza watu.

Nilipoanza kazi hii nilitumwa kukusanya taarifa za majeruhi katika wilaya moja ya nyanda hizi. Nilianza polisi, nikaenda hospitali, nikidhani nitapata majina yaleyale. Hayakulingana. Kulikuwa na wanaume waliolazwa na majeraha ya mkono na uso ambao kituoni hawakujulikana kabisa, na kwenye daftari la wodi wameandikwa "ajali ya moto" au "ameanguka". Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyenifumbua macho. Ni magobore, alisema. Bunduki za kienyeji za kushindilia baruti, mtu anakwenda nayo kuwinda usiku, inampasukia mkononi. Atakwendaje kuomba PF3 na kueleza kwamba aliumizwa na silaha asiyo na leseni nayo? Nilikaa nje ya wodi ile na karatasi zangu nikaona aibu. Nilikuwa nimekwishaandika rasimu inayosema wilaya ile haina majeraha ya risasi ya kutaja. Siku ile nilijifunza kutoandika "hakuna" pale ambapo ninachojua ni "hakuna aliyeripoti".

Jambo hilo hufanya kazi kinyume pia. Vituo vya polisi vilipoanzisha Dawati la Jinsia na Watoto, taarifa za ukatili zilianza kumiminika. Je, wanaume walianza kupiga wake zao mwaka ule? Hasha. Kina mama walipata mahali pa kukaa na mtu wa kuwasikiliza. Namba iliyopanda ilikuwa dalili ya jambo jema. Vivyo hivyo polisi kata akiwa mtu wa watu, kata yake itaonekana na uhalifu mwingi kuliko kata ya jirani ambako wananchi wakimkamata mwizi humaliza wenyewe. Na kila mara tunaposikia kwamba magobore kadhaa yamekamatwa au yamesalimishwa kwa hiari katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha, tunapata habari ya doria na ya msamaha uliotangazwa, si hesabu ya magobore yaliyopo. Mwaka ambao doria haikwenda, magobore "yatapungua" kwenye karatasi na kubaki palepale darini.

Wamarekani wenyewe, na utajiri wao wote, waliteleza hapo. Mwaka 2021 FBI walibadilisha mfumo wa kupokea taarifa za polisi, na maelfu ya idara za polisi hazikuwa tayari, zikiwemo za New York na Los Angeles. Taifa zima likabaki na makadirio kwa mwaka uliokuwa na ubishi mkubwa kuhusu mauaji. Ndiyo maana kwa vifo vya risasi vya kule mimi huanza na vyeti vya vifo kabla ya taarifa za polisi. Maiti hufika kwa daktari hata kama mpelelezi hajajaza fomu. Lakini kwa majeruhi, kwa unyang'anyi na kwa vitisho, cheti hakina msaada, na mtu analazimika kurudi kwenye majalada akiwa na tahadhari.

Sasa Chicago. Kijana aliyesema Chicago inaongoza amechanganya wingi na kiwango, na kosa hili sisi wa huku tunaweza kulifundisha kwa hesabu zetu za sensa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,707,410 Mkoa wa Mbeya. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,343,754. Mtu wa mbali atashika kichwa: Mbeya kumetokea nini, watu wamekimbia? Hakuna aliyekimbia. Mwaka 2016 Songwe ilimegwa ikawa mkoa, ikaondoka na watu wake, nayo 2022 ilikuwa na watu 1,344,687. Sasa chukua mtu anayelinganisha makosa ya jinai ya Mbeya ya 2014 na ya 2018. Ataona yameporomoka, atampongeza kamanda wa polisi wa mkoa kwenye mkutano wa hadhara, wakati makosa ya Tunduma na Vwawa yamehamia tu daftari jingine. Wa Iringa mlipitia hayohayo Njombe ilipotoka mwaka 2012.

Ndivyo ilivyo kwa miji ya Marekani. Mwaka 2020 Chicago, yenye watu milioni 2.7 hivi, ilikuwa na mauaji zaidi ya 700. St. Louis, yenye watu wapatao 300,000, ilikuwa na 263. Ukigawa, Chicago ni karibu 28 kwa kila watu 100,000, na St. Louis ni karibu 87. Kwa hiyo katika kiwango Chicago haikuongoza hata kidogo, ila jina lake ni kubwa. Lakini usiishie hapo ukadhani umeshinda, kwa sababu St. Louis nayo ina Songwe yake. Mji ule ulijitenga na kaunti yake mwaka 1876, na mipaka haijasogea. Vitongoji tulivu, vyenye watu karibu milioni moja, viko nje ya mstari na havihesabiwi. Ungevirudisha ndani, kile kiwango cha kutisha kingeshuka sana bila mtu yeyote kuokolewa.

Tena watu wanaogawanywa ni wale wanaolala mahali hapo, si wanaopita. Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 541,603 kwenye sensa ya 2022, lakini nenda Mwanjelwa au Kabwe saa nne asubuhi uone waliotoka Mbalizi, Tukuyu na Chunya. Tunduma ndiyo mfano mkali kuliko yote: malori ya kwenda Zambia na Kongo, madereva, wabadilisha fedha, wafanyabiashara wa usiku mmoja. Dereva wa kutoka Dar es Salaam akiibiwa Tunduma, wizi wake unahesabiwa Tunduma, yeye mwenyewe hahesabiwi. Kiwango cha uhalifu cha mji wa mpakani kitaonekana kikubwa kuliko wenyeji wake wanavyostahili, na wenyeji ndio watakaobeba jina baya.

Ile hoja ya "sheria kali na bado watu wanauawa" pia ina mpaka ndani yake. Jiji la Chicago lilipofuatilia bunduki zilizokamatwa kwenye uhalifu, zaidi ya nusu zilionekana kununuliwa kwanza nje ya jimbo la Illinois, na Indiana, iliyo mwendo mfupi tu kwa gari, ikiongoza. Mtu yeyote aliyewahi kuona bidhaa zinavyovuka Kasumulu au Tunduma anaelewa kwamba sheria ya upande mmoja wa mpaka ina nguvu mpaka pale mpaka unapoishia. Hilo halithibitishi kwamba sheria za Chicago zinafaa. Linaonyesha kwamba Chicago haiwezi kutumika kuthibitisha kwamba hazifai.

Milioni 2.5 sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo namba iliyoishi muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ilitokana na uchunguzi wa simu wa mwaka 1993, uliochapishwa 1995, ambao watu wapatao 5,000 waliulizwa kama wamewahi kutumia bunduki kujilinda katika mwaka uliopita. Waliosema ndiyo walikuwa kidogo zaidi ya mmoja kati ya kila mia. Sehemu hiyo ndogo ikazidishwa kwa watu wazima wote wa Marekani, ikazaa milioni 2.5.

Fanya jaribio hili darasani kwa maneno tu. Tuseme tumewauliza watu 5,000 wa Mkoa wa Mbeya kama mwaka huu wamekutana na chui. Hamsini wanasema ndiyo. Mmoja alimwona kweli. Mwingine alimwona Ruaha, lakini mwaka juzi. Mwingine aliona paka pori gizani akakimbia bila kuangalia mara ya pili. Mwingine alitaka tu kumfurahisha aliyeuliza. Hamsini kati ya 5,000 ni asilimia moja, na asilimia moja ya watu wa mkoa ni zaidi ya 23,000. Tayari tuna tangazo: watu 23,000 Mbeya wamekabiliana na chui! Jambo likiwa adimu, kosa dogo kwa wale waliosema ndiyo linazaa umati, kwa sababu wale maelfu ambao hawakukutana na chui wana nafasi nyingi sana za kukosea kuelekea ndiyo, na wachache waliokutana na chui kweli hawana nafasi ya kutosha ya kukosea kuelekea hapana.

Serikali ya Marekani ina uchunguzi wake mkubwa zaidi, ambao humwuliza mtu kwanza kama alitendewa uhalifu, ndipo humwuliza alifanya nini. Huo, kwa miaka ileile, ulitoa makadirio ya 100,000 hivi au pungufu. Nao una upungufu wake, kwa sababu anayejiona alizuia uhalifu kabla haujatokea hataulizwa. Ukweli uko mahali fulani ambapo hakuna aliyepapima vizuri. Mimi binafsi naiamini njia ya pili kuliko ya kwanza, kwa sababu ya chui. Kijana akisema bunduki huwasaidia baadhi ya watu kujilinda, amesema kweli na apewe haki yake. Akisema milioni 2.5, mwambie aonyeshe jinsi ya kuondoa paka pori kwenye hesabu.

Mambo mengine mawili nitayapita haraka. La kwanza ni mwaka wa kuanzia. Kiwango cha mauaji Marekani kilikuwa 9.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991, kikashuka mpaka karibu 4.5 mwaka 2014, kikaruka kwa karibu asilimia 30 mwaka 2020 peke yake, kikafika karibu 7 mwaka 2021, kisha kikaanza kushuka tena. Anayeanzia 1991 atasema nchi imepona, anayeanzia 2014 atasema imeharibika. Mwombe kila mmoja achore mstari wote. Na asilimia ziogope zaidi pale namba zinapokuwa ndogo. Wilaya iliyokuwa na tukio moja la risasi mwaka jana na mawili mwaka huu imepanda kwa asilimia 100, na bado ni matukio mawili.

La pili ni michoro. Mwaka 2014 ulichapishwa mchoro wa mauaji ya kutumia bunduki katika jimbo la Florida, ambalo mwaka 2005 lilipitisha sheria ya kumruhusu mtu kutumia nguvu bila kulazimika kurudi nyuma kwanza. Mchoraji aliweka sifuri juu badala ya chini, ili rangi nyekundu itiririke kama damu. Watu wengi waliouangalia waliona mstari unashuka baada ya sheria, wakasema sheria imeokoa maisha. Ulikuwa unapanda. Sidhani mchoraji alikusudia hila, lakini wanafunzi wako watazame sifuri iko wapi kabla ya kutazama mstari.

Limebaki swali zito: je, namba hizi zinasema bunduki ndiyo sababu? Watakutajia Australia. Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 kule Port Arthur. Serikali ikabana sheria na kununua kutoka kwa wananchi bunduki zipatazo 650,000. Vifo vya risasi vilishuka. Upande mwingine utasema, na ni kweli, kwamba vilikuwa vimeanza kushuka kabla ya 1996. Watafiti wamebishana kwa miaka kuhusu ni kiasi gani cha kushuka huko ni cha sheria na kiasi gani kingekuja chenyewe. Nikisoma yote, naona ushahidi wa waliojiua kwa bunduki kupungua una nguvu kuliko ule wa mauaji, ambayo hata mwanzoni yalikuwa machache kiasi kwamba hesabu yake huyumba mwaka hadi mwaka. Lakini kumbuka Australia ni kisiwa. Bunduki haivuki Kasumulu ikaingia Australia.

Hapo ndipo ninapotaka uwe mkali kuhusu kuhamisha namba za Marekani zikaja Mafinga. Kule raia wana bunduki nyingi kuliko idadi ya watu. Huku tuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, mtu anahitaji leseni, na jirani zako wengi hawajawahi kushika bastola. Anayeuawa kwetu huuawa kwa panga, kwa ngumi, kwa mawe ya wananchi wenye hasira kali, kwenye ugomvi wa shamba, wa mirathi, wa tuhuma za uchawi, wa mapenzi. Swali la Marekani ni nini kinatokea bunduki zikiwa tayari zipo kila mahali. Swali la mdahalo wako ni nini kitatokea zikiongezwa kwenye ugomvi huo tulio nao. Namba za Marekani haziwezi kulijibu moja kwa moja. Zinaweza kukwambia mahali pa kuangalia: ndani ya nyumba, kwenye huzuni ya mtu na kwenye ugomvi wa watu wanaojuana, zaidi ya kwenye dirisha analoingilia jambazi.

Kuhusu alama, basi. Aliyesema 48,830 mpe alama ya namba, mkate ya maelezo, mpaka aseme zaidi ya nusu walijiua. Aliyesema hawakufika 21,000 yuko sahihi kuhusu mauaji, ila mkate kwa kuita uongo namba ambayo hakuuliza imetoka wapi. Wa Chicago arudie hesabu akigawa kwa watu. Wa milioni 2.5 akasome swali la chui.

Na yule wa Mbeya na Iringa usimkatishe tamaa, kwa sababu ndiye pekee aliyeangalia kwao. Mwandikie barua, ipitie kwa mkuu wa shule, aende kituo cha polisi na kumwomba mkuu wa kituo jambo moja tu: kati ya majalada ya unyang'anyi wa kutumia silaha ya mwaka jana, mangapi yalikuwa ya bunduki na mangapi ya panga. Kisha aende hospitali ya wilaya na kuuliza ni majeraha mangapi yameandikwa ya risasi, bila majina ya wagonjwa. Namba zikigongana asichague moja, aje nazo zote mbili darasani. Akishazipata naomba uniandikie, nami nitamjibu yeye mwenyewe.